Mwongozo Kamili: Kula Kifungua Kinywa cha Wenyeji Guangzhou Bila Kubahatisha

Kila msimu wa Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, kusini mwa China, unapokaribia, Aprili na Oktoba, maswali ya watu wanaojiandaa kufuata mzigo Guangzhou huwa ni yaleyale. Wengi walishaenda na wakarudi na malalamiko ya aina moja. Asubuhi waliambulia biskuti na soda. Au walilipia chai ya hotelini kwa bei ya juu, wakala mkate mkavu na soseji wasiyojua imetengenezwa kwa nyama gani. Au walijaribu kibanda cha mtaani, wakaletewa nguruwe. Saa nne wako sokoni, wanapatana bei na tumbo tupu, kichwa kinagonga.

Hayo yote yanaepukika. Guangzhou ni mji wa watu wanaojali sana tumbo, na asubuhi ndipo chakula chake kinapokuwa kipya, cha moto na cha bei nafuu kuliko saa nyingine yoyote. Kinachowaangusha wageni ni mpangilio: wanatoka wamechelewa, hawana maandishi mkononi, na wanaanza na vyakula vinavyohitaji uzoefu kabla ya vile vyepesi. Fuata hatua hizi kwa mfuatano wake, usiruke ila pale nitakapokuambia.

Nimeandika kwa kumfikiria mtu aliyefikia Xiaobei au Sanyuanli, maana huko ndiko wengi wetu hulala. Ukiwa mtaa mwingine, mambo ni yaleyale.

## Vitu vya kuandaa kabla ya safari

Alipay au WeChat, programu za Kichina za kulipia kwa simu, iliyounganishwa na kadi yako ya Visa au Mastercard. Jisajili ukiwa nyumbani, kwa pasipoti yako na namba yako ya simu ya kawaida. Benki nyingi hutuma ujumbe wa uthibitisho kwenye namba hiyo, na ukiwa China laini yako inaweza isipokee. Malipo ya kadi ya nje yaliyo chini ya yuan 200 kwa mara moja hayakatwi ada, na kifungua kinywa cha mtu mmoja hakifiki huko hata ukila kwa pupa.

Noti ndogo. Yuan 5, 10 na 20. Muuza uji hana chenji ya 100.

Programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti. Pakua Kichina ukiwa bado nyumbani, kwa sababu huduma za Google hazifunguki China kwa njia ya kawaida. Hakikisha inasoma maandishi kupitia kamera. Hiyo kamera ndiyo itakusomea ubao wa vyakula.

Kijiko chako, na pakiti ya tishu. Vijiti utajifunza, lakini si lazima ujifunze ukiwa na njaa. Vibanda vingi havitoi tishu.

Kadi ya maneno. Chapisha au andika kwa herufi kubwa, kisha piga picha uiweke kwenye simu:

- 我不吃猪肉和猪油 — Sili nguruwe wala mafuta ya nguruwe
- 清真 — Chakula cha Kiislamu, halali
- 不要肉，只要鸡蛋 — Usiweke nyama, weka yai tu
- 我对花生过敏 — Nina mzio wa karanga
- 不要辣 — Usiweke pilipili
- 打包 — Nifungie nibebe
- 多少钱 — Bei gani

Futa usiyohitaji, ongeza unayohitaji. Kadi yenye mistari mitatu husomwa. Kadi yenye mistari kumi na mitano humchosha muuzaji mwenye foleni.

## Hatua ya 1: Weka mpaka wako usiku, kabla ya kulala

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kusini mwa China nguruwe ndiye nyama ya kawaida. Mtu akisema 肉, yaani nyama, bila kutaja ya mnyama gani, muuzaji anaelewa nguruwe. Ng'ombe lazima atajwe: 牛肉. Ndiyo maana mgeni anaonyesha picha, anaambiwa "nyama", anakubali, halafu anakuja kugundua nusu ya sahani ikiwa imeshaliwa. Na wapo wanaosema hawali nyama, wakaletewa sahani isiyo na kipande hata kimoja lakini mchuzi wake umechemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Muuzaji hakudanganya. Kwake yeye, mchuzi hauhesabiki kuwa nyama.

Kuna pia mafuta. Maandazi ya mvuke ya maharage mekundu, vitafunio vya unga vinavyomumunyuka, hata keki ndogo za yai zinazong'aa njano: baadhi hutiwa mafuta ya nguruwe ili viwe laini. Kwa macho huwezi kujua.

Kwa hiyo jiulize usiku ule, ujibu kwa ukweli, wewe uko kundi gani.

Unakula halali tu, bila kulegeza. Vyakula vyako vya kupikwa vitatoka kwenye migahawa yenye maandishi 清真. Mara nyingi ubao wake ni wa kijani, na mingine ina neno "halali" kwa Kiarabu pembeni. Vibandani utachukua vile ambavyo havijagusana na sufuria ya mtu mwingine: yai la kuchemsha ambalo bado liko kwenye ganda, mahindi, viazi vitamu vya mvuke, maziwa ya soya, matunda. Kwako wewe, ruka Hatua ya 4 na ya 5, nenda moja kwa moja ya 6. Changfen ya yai, ule utando wa mchele wa mvuke wa Hatua ya 5, inaonekana haina tatizo, lakini mpishi hutumia trei zilezile na kikwaruzio kilekile alichokunjia nguruwe dakika moja iliyopita.

Huli nguruwe, lakini hujali kama kikwaruzio kimegusa. Hatua zote zinakuhusu. Kadi yako ionyeshwe kila mara, hata kama jana ulikula hapohapo. Zamu hubadilika.

Unakula kila kitu. Kazi yako ni rahisi. Angalia mizio tu. Karanga huwekwa juu ya uji bila kuuliza, na mafuta ya karanga hutumika sana mapishi ya huku. Kamba wadogo wakavu hujificha ndani ya vitu usivyovitarajia. Mwenye mzio mkali asile kibandani kwa kubahatisha, ashike vyakula anavyoviona vizima.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumwambia unayesafiri naye, kwa sentensi moja, utakula nini kesho na hutagusa nini.

## Hatua ya 2: Toka kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi

Vibanda vingi vinaanza saa kumi na mbili alfajiri, na ikifika saa tatu na nusu wanasuuza masufuria. Mwenye kutoka saa nne anakuta sakafu imelowa na viti vimepandishwa juu ya meza, kisha anarudi kusema Guangzhou hakuna chakula cha asubuhi.

Kuna kikwazo cha mwili pia. China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Saa moja asubuhi ya Guangzhou, tumbo lako linahesabu saa nane usiku. Siku mbili tatu za mwanzo huna hamu, na hiyo si dalili kwamba chakula ni kibaya. Ndiyo sababu ninaanza na uji.

Usitafute kwenye barabara kuu. Barabara kuu ina benki, maduka ya simu na migahawa ya minyororo. Ingia vichochoro vya nyuma, kwenye majengo ya zamani ambako watu wanaishi. Fuata wanafunzi wenye sare na wazee wenye mifuko ya mboga. Utaona minara ya vikapu vya mianzi au vya bati inatoa mvuke nje ya mlango. Pale penye foleni ya wenyeji inayosonga haraka, simama. Foleni inayosonga maana yake chakula hakikai, na chakula kisichokaa hakikuumizi tumbo.

Tahadhari: kibanda kisicho na mvuke wala wateja saa mbili asubuhi kipite, hata kama picha zake ukutani zinavutia.

Utajua umefanikiwa ukiwa umesimama mbele ya sufuria linalochemka, na bado una saa nzima kabla maduka mengi ya jumla hayajafunguliwa.

## Hatua ya 3: Jifunze kulipa kwa kitu cha bei ndogo

Nunua maziwa ya soya (豆浆). Ni yuan chache, yana joto, na unaweza kuchagua yenye sukari au yasiyo na sukari.

Kuna namna mbili za kulipa kwa simu. Ya kwanza, wewe unaskani msimbo uliobandikwa ukutani, unaandika kiasi mwenyewe, unathibitisha, kisha unamwonyesha muuzaji. Ya pili, wewe unafungua msimbo wako na yeye anauskani. Vibandani ni ile ya kwanza mara nyingi. Mara nyingine msimbo ni wa muuzaji binafsi, na kadi ya nje inaukataa. Usihangaike wala usiskani mara tano ukiwa umezuia watu. Toa noti.

Hatua hii ina faida kubwa kuliko inavyoonekana. Ukishalipa mara moja kwa utulivu, woga wa foleni unaisha.

Utajua umefanikiwa ukiwa na kikombe mkononi na kijisauti cha malipo kimetangaza kiasi kwa Kichina kutoka kwenye spika ya muuzaji.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza, uji mweupe na youtiao

Uji wa Guangzhou (粥) ni mchele uliochemshwa kwa maji mengi na kwa muda mrefu hadi punje zikapasuka na kuyeyuka. Mweupe mtupu, 白粥, hauna chumvi wala sukari. Mgeni anauonja kijiko kimoja, anasema hauna ladha, anauacha. Amekosea kuula peke yake.

Uagize pamoja na youtiao (油条). Hizo ni fimbo mbili za unga zilizoshikamana, zikakaangwa hadi zikafura na kuwa na uwazi ndani. Ganda lake linakatika kwa kelele, na ladha yake ni ya chumvi kidogo. Ukitegemea sukari ya andazi utashangaa, kwa hiyo jua mapema. Ichane kwa mkono vipande vya kidole kimoja, tumbukiza kwenye uji, subiri kidogo tu, kula kabla ganda halijalegea kabisa. Chumvi na mafuta ya youtiao ndiyo kitoweo cha uji. Mwili uliotoka kwenye ndege jana unaupokea mlo huu vizuri sana.

Duka hilohilo la uji mara nyingi lina tambi zilizokaangwa kwa sosi ya soya (豉油皇炒面), nyembamba, za kahawia, zenye chipukizi za maharage. Wenyeji hula tambi hizo na uji kwa pamoja, kikavu na cha maji. Ukiwa na njaa ya kweli, agiza hivyo. Uliza mafuta kwanza.

Ukitaka kitu kitamu, tafuta 牛脷酥, andazi refu la umbo la ulimi wa ng'ombe. Halina nyama, jina ni la umbo tu. Linakaangwa na lina sukari katikati.

Kuhusu uji wenye vitu ndani, chukua tahadhari hizi:

- 皮蛋瘦肉粥 ni uji wa yai jeusi lililohifadhiwa na nguruwe. Uko kila mahali, na ndio unaowanasa watu wengi.
- 艇仔粥 una samaki, karanga, vipande vya youtiao na mara nyingi ngozi ya nguruwe.
- 鱼片粥 ni wa minofu ya samaki, mtamu mno, lakini msingi wake unaweza kuwa umepikwa na mifupa. Onyesha kadi.

Uji unakuja ukiwa moto kupita kiasi, na unaonekana umetulia kwa sababu juu hautoi mapovu. Chota kutoka ukingoni mwa bakuli, siyo katikati.

Utajua umefanikiwa bakuli likiwa tupu na jasho jembamba limekutoka kwenye paji la uso, ilhali tumbo halijajaa kiasi cha kukulaza.

## Hatua ya 5: Changfen, chakula kilichonifanya niipende asubuhi ya mji huu

Kama una asubuhi moja tu, ruka vyote vingine, kula changfen (肠粉). Nasema hivi bila kusita.

Simama pembeni uangalie kwanza inavyotengenezwa, kwa sababu ukielewa mchakato utajua pa kumkatiza mpishi. Mbele yake kuna kabati la bati lenye droo tatu au nne, kila moja ni trei bapa, na chini maji yanachemka. Anavuta droo, anapaka mafuta, anamwaga upawa mmoja wa mchele uliosagwa na maji pamoja na wanga. Anaitikisa trei kushoto na kulia mpaka uji ule mweupe unakuwa utando mwembamba usiozidi unene wa karatasi nzito. Anapasua yai juu yake, analivuruga kwa mgongo wa kijiko, anatupia majani mawili ya saladi. Hapa ndipo anapotia nyama ya kusaga, na vibanda vingi huitia bila kuuliza. Anasukuma droo ndani. Baada ya dakika moja au mbili anaivuta, utando umefura mapovu makubwa na umekuwa wa kupenyeza mwanga. Kwa kikwaruzio anaukusanya upande mmoja kwa mikunjo, anaukata vipande, anauweka kwenye sahani iliyovalishwa mfuko wa plastiki, anamwagia sosi ya soya yenye utamu kidogo.

Kwa hiyo fanya hivi:

Kwanza, kabla hujafikiwa kwenye foleni, onyesha kadi: 不要肉，只要鸡蛋. Ukingoja mpaka droo yako imevutwa umechelewa, nyama inaingia kwa nusu sekunde.

Pili, taja aina. 鸡蛋肠 ni ya yai. 牛肉肠 ni ya ng'ombe. 鲜虾肠 ni ya kamba. 斋肠 haina chochote ndani, ni utando na sosi. Mimi kwa mtu wa mara ya kwanza napendekeza ya yai, kwa sababu yai linaupa utando mwili na unaona wazi kilichomo.

Tatu, usiongeze sosi kabla ya kuonja. Utando wenyewe hauna chumvi, lakini sosi iliyotuama chini ya sahani ina ya kutosha. Geuza vipande kwanza ili vyote viguse sosi.

Nne, kula hapohapo. Changfen ya kubeba hotelini inashikana na kuwa donge ndani ya dakika kumi. Watu wengi wanaoniambia changfen si lolote walikula ya kubeba.

Kwa vijiti inateleza. Usiishike kwa nguvu. Weka kijiti kimoja chini ya kipande, kingine kiegemee juu, sahani isogeze karibu na mdomo. Kusogeza chombo karibu na mdomo huku ni adabu nzuri tu, hakuna atakayekutazama vibaya. Kijiko chako nacho ni halali yako.

Ukishaizoea ya yai, agiza 炸两: ni youtiao iliyofungwa ndani ya utando wa changfen, laini nje, ngumu ndani.

Tahadhari: utando mzuri unaning'inia bila kukatika na unateleza ulimini. Ukiona mnene, wa rangi ya maziwa kabisa, unanata kwenye meno, kibanda kile kimezidisha wanga. Kesho nenda kingine, usihukumu chakula chote.

Utajua umefanikiwa ukijikuta unaburuta kipande cha mwisho kuifuta sosi iliyobaki sahanini.

## Hatua ya 6: Tambi za kuvutwa kwa mkono kwenye mgahawa wa Kiislamu

Migahawa yenye ubao 兰州拉面 imetapakaa mji mzima, na mingi inaendeshwa na Waislamu wa Kihui waliotoka Qinghai na Gansu, kaskazini-magharibi mwa China. Huko kwao tambi za mchuzi wa ng'ombe ni chakula cha asubuhi hasa. Usione ajabu kula supu saa moja asubuhi. Watu wa supu na chapati watanielewa.

Angalia 清真 ubaoni. Jina la Lanzhou peke yake halitoshi, yupo anayelitumia bila kuwa Muislamu.

Agiza 牛肉拉面. Utaulizwa unene: 细 ni nyembamba, 二细 ni nene kidogo, 宽 ni bapa. Ya asubuhi iwe 细, inameng'enyeka upesi. Bakuli linakuja na mchuzi mweupe unaoona hadi chini, vipande vyembamba vya figili, majani ya kotimiri, na nyama iliyokatwa nyembamba sana. Pilipili ya mafuta iko mezani au inawekwa na mpishi. Kama huiwezi, sema 不要辣 mapema. Siki iko mezani. Tia matone machache ukifika nusu ya bakuli, mchuzi unabadilika kabisa.

Kuna jambo moja la heshima. Mlangoni au ukutani mara nyingi kuna maandishi yanayokataza kuingiza chakula cha nje. Wanamaanisha. Usiingie na mfuko wa youtiao wala kopo la bia, hata kama hutafungua.

Kwa wenye kutaka mkate, maeneo ya Xiaobei utawakuta Wauyghuri, Waislamu wengine wa kaskazini-magharibi mwa China, wanaooka mkate bapa kwenye tanuri. Nunua wa moto, kula na mayai ya kuchemsha na chai, au ubebe sokoni. Mkate huu hauharibiki haraka, na ndio ninaowashauri wale wanaokaa siku nzima viwandani nje ya mji.

Ukitaka kujua mgahawa upi una hadhi, uliza kwenye Msikiti wa Huaisheng, barabara ya Guangta, karibu na stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Ximenkou. Waumini wa pale wanajua kuliko programu yoyote.

Utajua umefanikiwa ukila nyama bila kutoa kadi mfukoni.

## Hatua ya 7: Chai ya asubuhi ya mezani, kwa siku isiyo na haraka

Hii iwe ya mwisho, siku ambayo huna miadi. Chai ya asubuhi (早茶) ni mlo wa saa mbili, wa kukaa na watu, wenye vitafunio vidogo vya vikapu. Mkiwa watu watatu au wanne ndipo inapendeza. Migahawa kama 陶陶居, 点都德 na 广州酒家 ina matawi mengi. Jumamosi na Jumapili utakaa kwenye foleni na namba mkononi. Chagua katikati ya wiki.

Mambo yanakwenda hivi:

Chai kwanza. Utaulizwa chai gani kabla ya chakula. Pu'er (普洱) ni nyeusi na inatuliza tumbo baada ya mafuta. Maua ya krisantemu (菊花) ni nyepesi. Kila mtu mezani analipishwa kiti cha chai, mara nyingine hata mtoto asiyekunywa. Hiyo haina maana umeibiwa.

Suuza vyombo. Utaletewa bakuli kubwa. Mimina chai ya kwanza kwenye kikombe na bakuli lako, zungusha vijiti humo, mwaga kwenye lile bakuli kubwa. Usiinywe. Wenyeji wengi wanafanya hivyo.

Agiza kidogo kidogo. Weka alama kwenye karatasi au skani msimbo wa meza. Vikapu vina madaraja ya bei: 小点, 中点, 大点, 特点, kutoka bei ndogo kwenda kubwa. Kwa watu watatu anzeni na vikapu vinne. Kila kikapu huwa na vipande vitatu au vinne, na vikija vyote kwa pamoja vinapoa.

Kushukuru. Mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Chai ikiisha kwenye birika, acha mfuniko umekaa upande. Mhudumu akipita ataongeza maji bila kuitwa.

Sasa onyo kubwa. Kwenye meza hii nguruwe yuko karibu kila kona. 烧卖 ni nguruwe. 叉烧包 ni nguruwe. Keki ya figili (萝卜糕) hutiwa soseji ya nguruwe. Wali wa kunata uliofungwa kwenye jani (糯米鸡) unaitwa wa kuku, lakini ndani mara nyingi kuna vyote viwili. Hata kitafunio cha kamba chenye ngozi ya kupenyeza mwanga (虾饺) huwekewa mafuta ya nguruwe ili kiwe laini. Asiyekula nguruwe aulize kila kikapu, na Muislamu anayeshika halali achague mgahawa wenye 清真 au asiende kabisa. Kwenda kunywa chai tu ili kuwaridhisha wenyeji wako wa kiwandani kunakubalika. Waambie mapema, nao watakuagizia matunda.

Miguu ya kuku (凤爪) wengi wanaikwepa bila kuijaribu. Imekaangwa, ikalowekwa, ikapikwa kwa mvuke hadi ngozi inaachia mfupa yenyewe. Kwa anayeweza kuila, ni miongoni mwa vikapu bora vya meza nzima.

Utajua umefanikiwa ukiomba bili (埋单) na kukuta mmekaa zaidi ya mlivyopanga.

## Mambo yakikwama

Muuzaji anatikisa mkono, hataki kuangalia kadi. Ana foleni. Sogea pembeni, subiri watu watatu wapite, rudi. Akikataa tena, kibanda kingine kiko hatua thelathini mbele.

Umeletewa kisicho chako. Usile "kidogo tu" kwa aibu. Onyesha kadi tena, kwa sauti ya chini. Ukilazimika kulipia, lipa. Ni fedha ndogo kuliko dhamira yako au afya yako.

Tumbo limevurugika. Mara nyingi sababu ni mafuta mengi kwa siku mfululizo. Rudi kwenye uji mweupe na maji ya moto siku nzima. Maji ya bomba usinywe. Migahawani maji ya moto hutolewa kama kawaida, ya baridi ndiyo ya kuomba. Ukiharisha damu au ukipata homa, nenda hospitali.

Unaondoka alfajiri kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun. Usiku uliotangulia nunua mayai ya kuchemsha na mahindi kwenye duka la saa 24, pamoja na mkate bapa wa Wauyghuri kama uko Xiaobei. Vikishapoa, vifunge kwenye mfuko wa karatasi, maana wa plastiki hutoa jasho na mkate unalainika. Kula kabla hujapita ukaguzi, kwani matunda na mayai yanaweza kukuletea maswali ya forodha unakotua.